Huruma Isiwe Hisani ya Wakubwa

Mahakama inapompa mtu kifungo cha miaka sita, haikumhukumu kufa gerezani. Imemnyang'anya uhuru wake. Haikumnyang'anya utu wake. Je, mfungwa akipatwa na maradhi yasiyo na tiba, nao wakuu wa magereza wakakataa kumwachilia akafie kwao, ana pa kukimbilia?

Afrika Kusini ilijibu swali hilo mwaka wa 2003. Colin Stanfield, aliyefungwa miaka sita kwa kukwepa kodi, aliugua saratani ya mapafu, na madaktari wakathibitisha kwamba hataishi muda mrefu. Wakuu wa magereza walimnyima ruhusa ya kutoka, kwa kuwa bado aliweza kujihudumia. Alipokwenda Mahakama Kuu ya Cape, Jaji van Zyl aliutengua uamuzi wao na kuamuru aachiliwe. Kumngoja mgonjwa mpaka awe hoi kitandani, alisema jaji huyo, si ubinadamu hata kidogo.

Wako watakaouliza: mlango huo ukifunguliwa, si wakubwa ndio watakaotangulia kupita? Hofu hiyo ina msingi. Mnamo Septemba 2021, Jacob Zuma, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, aliachiliwa kwa sababu za afya baada ya miezi miwili tu ya kifungo cha miezi 15, ingawa bodi ya matibabu iliyowekwa kisheria haikupendekeza hivyo. Lakini Mahakama Kuu iliamua kwamba hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, na Mahakama ya Juu ya Rufani ikakubaliana nayo Novemba 2022. Basi sheria inayomkinga mnyonge asinyimwe huruma bila sababu ndiyo hiyo hiyo inayomzuia mkubwa asipendelewe.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 133, yampa Rais mamlaka ya kusamehe wafungwa kwa ushauri wa Kamati. Kifungu cha 51 chasema mfungwa hubaki na haki zake, na kifungu cha 47 champa anayeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Mawakili wetu wavitumie vifungu hivyo. Nalo Kanisa, liwatembeleapo wafungwa, lisiishie kwenye sabuni na maombi. Liulize: ni nani anayekufa humu? Nani alilikataa ombi lake? Kwa sababu gani? Asiyetaka kutujibu sisi, na ajibu mbele ya jaji.