Trekta Kuukuu na Nguvu za Kuazima

Liko neno ambalo twalisikia siku hizi gerejini, mnadani, hata mlangoni pa kanisa watu watokapo: kwamba trekta kuukuu likifungwa tabo iliyotolewa katika lori bovu hurudia ujana wake, na nguvu zake huzidi kwa gharama ndogo. Vijana wetu wenye akili ya ufundi hulisema kwa furaha, na wazee wenye matrekta hulisikiliza kwa tamaa. Sisi twasema waziwazi kwamba neno hili lina hasara ndani yake. Twalipinga leo, maana siku ile tulipopaswa kulipinga, tulinyamaza.

Katika kijiji chetu kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, aliachiwa na marehemu baba yake trekta la Ford 5000. Lilikuwa mali ya mama na watoto wote, nalo ndilo lililolimia nyumba nyingi za hapa. Kijana akanunua tabo katika vyuma chakavu, akachomelea mabomba yake mwenyewe uani kwao, akaifunga. Alipokuja kutuonyesha, tulimsifu mbele ya watoto wa shule, wala hatukumwuliza swali hata moja. Kwa siku 11 trekta lilivuta plau kwa gia ambayo zamani halikuiweza, na watu walipiga makofi. Siku ya 12 likatoa moshi mzito, likagonga, likanyamaza katikati ya shamba la mtu. Lilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka kichwani. Mvua haikumngoja mtu. Waliokwisha kulipa walirudia jembe la mkono wakapanda kwa kuchelewa, na mama yule akauza ng'ombe wawili ili awarudishie watu fedha zao.

Basi, tabo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika shafti moja. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Mzunguko wake waweza kupita mara 100,000 kwa dakika moja. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na hapo ndipo nguvu huongezeka. Angalieni sana jambo hili: tabo huleta hewa tu. Nguvu hutoka katika dizeli, na mzigo wa nguvu hizo huchukuliwa na pistoni, gasketi, klachi na giaboksi, vitu ambavyo havikuulizwa kama vyaweza. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Afungaye tabo hauhisi mzigo. Pistoni ndiyo iuhisiyo.

Hatusemi kwamba tabo ni kitu kibaya. Mahali palipoinuka mita 2,000 juu ya bahari, hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano, na injini isiyo na tabo hupungukiwa na pumzi. Tabo yenye msukumo mdogo, kama dizeli haikuongezwa, yaweza kuirudishia pumzi hiyo na kupunguza moshi mweusi. Hilo ni kweli, nasi hatulifichi. Lakini ni nani kwetu aliyefunga tabo asiiguse pampu? Siku ya kwanza huona tofauti ndogo. Siku ya pili huzungusha skurubu ya pampu ili dizeli izidi. Na tangu hapo joto hupanda kupita kiasi ambacho alumini ya pistoni yaweza kustahimili.

Wako watakaotujibu, “Mbona wenye viwanda walifanya vivyo hivyo?” Ndiyo, walifanya, lakini usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1971 kampuni ya Ford ilitoa trekta la 7000, lenye injini ya silinda 4 na lita 4.2, ukubwa ule ule wa injini ya 5000 ya miaka yake ya mwisho. Kwa tabo, nguvu za farasi 75 zikawa 94. Je, walikwenda shambani kwa mtu wakaichomelea 5000 yake? La, hasha. Walipima, wakajaribu, wakatoa trekta jipya lenye jina jipya. Kadhalika kampuni ya John Deere, ilipotaka mwaka 1969 kutia tabo katika injini ya ukubwa ule ule wa trekta lake la 4020, ilitoa trekta jingine, 4520, lenye giaboksi na ekseli za nyuma zilizoimarishwa. Wenye elimu na mitambo yote ya kupimia hawakuamini kwamba mifupa ya zamani ingechukua nguvu mpya. Sisi tusio na hata kipimo cha joto la moshi twaamini kwa sababu gani?

Wengine husema tena kwamba wakulima wa Marekani, miaka ya 1960 na 1970, walifunga tabo wenyewe nyumbani. Ni kweli. Lakini wao waliweza kununua seti iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta la aina fulani, pamoja na maagizo yake, kisha kulipeleka trekta likapimwe nguvu zake kwa mtambo. Tabo ya lori iliyookotwa katika vyuma chakavu haikukusudiwa injini yako. Yaweza kuwa kubwa isiamke, au ndogo ikasukuma kupita kiasi. Yeye alinunua kipimo pamoja na chombo. Wewe umenunua chombo peke yake.

Tena ziko hatari ambazo wanaosifu tabo hawazitaji. Shafti yake huelea juu ya oili ya injini. Oili ikiwa chafu, au bomba la kuirudishia katika sampu likiwa limepindwa vibaya, oili hupenya na kuingia katika njia ya hewa. Hapo injini ya dizeli yaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe na kukimbia ovyo. Ukifunga dizeli haizimiki. Haizimiki mpaka izibwe pumzi, oili iishe, au ipasuke. Dereva asiyejua hilo husimama akishangaa karibu na chuma kinachotaka kumwua. Zaidi ya hayo, trekta jepesi lililotiwa nguvu nyingi huteleza magurudumu. Na mzigo ukifungwa juu ya mahali pake, huweza kuinua pua na kumlalia dereva kwa nyuma.

Mtu ataniuliza, “Basi nifanye nini, na trekta langu limechoka?” Twamjibu: kwanza lirudishie nguvu zake lenyewe, kabla ya kuliazimia za wengine. Safisha chujio la hewa, na kama ni la bakuli la oili, badilisha oili yake. Trekta jingi lisemwalo kuwa ni dhaifu limezibwa pua na vumbi. Peleka nozeli na pampu kwa fundi mwenye mtambo wa kuzipimia. Pima nafasi za vali. Kisha tazama magurudumu. Tia alama ya chokaa katika gurudumu la nyuma, upime mwendo wa mizunguko 10 plau ikiwa imeinuliwa, upime tena plau ikiwa ardhini. Mwendo ukipungua zaidi ya sehemu 15 katika kila 100, nguvu zako zapotea katika udongo. Ongeza uzito, au punguza kina cha plau. Tabo itakuongezea kuteleza tu. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano aiweza, wala haigharimu ng'ombe hata mmoja.

Kijana yule hatumcheki. Mikono yake ni mizuri kuliko yetu, na mabomba aliyoyachomelea hayakuvuja. Kilichokosekana ni kipimo, na waliopaswa kumfundisha kipimo ni sisi tuliomsifu. Mwalimu wa hesabu asiyeuliza hesabu siku ya makofi ana sehemu yake katika hasara.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazee na walimu wenzetu: kijana akija na tabo mkononi, msimkemee, wala msimpigie makofi. Mwulizeni maneno matatu. Joto la moshi utalipimaje? Oili itarudi kwa njia gani? Na trekta hili likifa katikati ya mvua, ni nyumba ngapi zitakosa kulimiwa? Akiwa na majibu ya yote matatu, na aende akajaribu. Kama hana, tabo na ikae kabatini mpaka mavuno yaingie ghalani.