Kesi Ina Mwenyewe

Wasee, wacheni hii story ya ati kukariri kesi ndiyo kujua sheria. Chuo niliacha, lakini kesi nasoma. Chukua Palsgraf, ile wanafunzi wa sheria Marekani hukutana nayo mwaka wa kwanza. 1924, stesheni ya treni Brooklyn: wafanyakazi wa reli wanamsaidia abiria kudandia treni inayoondoka. Furushi lake linaanguka, kumbe ni fataki! Zinalipuka, mizani ya stesheni inamwangukia Helen Palsgraf, mama wa kazi ya usafi anayepeleka binti zake ufuoni. Jopo la raia linampa dola 6,000. 1928, Jaji Cardozo na wenzake, 4 kwa 3, wanafuta yote na kumbebesha gharama za kesi.

Darasani linabaki swali moja: reli ingejuaje mapema kwamba yeye, pale mbali, angeumia? Swali poa. Lakini Cardozo hataji kazi yake wala watoto wake. Ni "mlalamishi" tu.

Langdell alianza kufunza kwa kesi Harvard 1870. Inanoa akili, sawa. Lakini kama hujui nani alirudi nyumbani mikono mitupu, umesoma hesabu, si sheria. Kesho utakuwa wakili wa nani?