SEHEMU YA 3: Umemuokota? Sasa mchanje

Mama zangu wa Kyela, ndaga fijo kwa meseji zenu. Sehemu ya pili niliwasimulia nilivyomuokota mtoto wa mbwa kando ya barabara ya Matema, katupwa ndani ya kiroba. Leo nawajibu mlioniandikia: "Nesi, unapoteza hela. Koko hachanjwi, mbwa wa kienyeji haumwi."

Jamani, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mbwa mwenyewe ni chotara. Mama simjui, baba simjui, ila ukiona zile nyayo unajua kuna jitu kwenye ukoo. Ana kama miezi minne na akisimama wima anamfikia mwanangu mabegani. Anamaliza ukoko wote wa wali na bado anatazama sufuria. Lakini awe koko, chotara au wa kizungu, kichaa cha mbwa hakiulizi kabila. Kiko kwenye mate. Kinaingia kwa kung'atwa, kukwaruzwa, hata kulambwa penye kidonda. Na mbwa mdogo anaweza kuwa nacho kama mkubwa.

Dalili zikishaanza kwa binadamu, sisi wauguzi hatuna dawa ya kumrudisha. Niliwahi kukaa zamu ya usiku na mama aliyekuwa ananiuliza kama dripu nyingine itasaidia. Mwanawe alikwaruzwa na mbwa wa nyumbani kwao miezi miwili nyuma, akaficha asichapwe. Sikuwa na la kumjibu yule mama. Ndiyo maana leo napiga kelele.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa nini watoto? Wao ndio wanaocheza na mbwa, sura zao ziko usawa wa mdomo wake, na wao ndio wanaoogopa kusema.

Kuna mlioniambia, "Basi mtupe." Nimtupe wapi? Sokoni Ipinda? Kule Itungi kwenye utumbo wa samaki? Mbwa aliyetupwa si lazima afe palepale. Anakua, anazaa, anapigana na wenzake, halafu asubuhi moja anakutana na mtoto anayekwenda shule. Ukimtupa hujaondoa tatizo, umemhamishia mama mwenzio.

Na nyie akina baba mnaomfunga mnyororo kutwa nzima na kumlaza njaa, eti awe mkali kwa wezi: mwizi anakuja labda mara moja kwa mwaka. Mwanao anapita hapo kila siku.

Wengine mnasema ugonjwa huu hauondoki. Pemba waliuondoa, na waliuondoa kwa kuchanja mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja 70 katika kila mbwa 100, mwaka hadi mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo mbwa wako mmoja anahesabika.

Sasa fanyeni hivi:

1. Kabla watoto hawajaanza kumbeba, nenda kwa afisa mifugo wa kata. Chanjo ya kichaa kwa kawaida ni akifikisha miezi mitatu, halafu anarudia kama kadi inavyosema. Kadi hiyo itunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

2. Omba na dawa ya minyoo. Mbwa wengi huzaliwa nayo tayari, na mayai yake humwingia mtoto anayechezea udongo. Kinyesi fukia. Mnazijua mvua zetu, maji yakijaa yanakileta mpaka mlangoni. Mikono kwa sabuni kabla ya kula.

3. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, wala asimguse akiwa anakula. Mbwa mkubwa akicheza tu anaweza kumwangusha.

4. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa wala pilipili. Ukianzishiwa sindano, zimalize zote, hata kidonda kikikauka.

5. Mtoto akikuambia "mbwa kaniuma", usimchape. Mshukuru.

Mnasema chanjo ni gharama. Mbwa anachomwa mara moja, anasubiri mwaka. Mtu aliyeng'atwa anakwenda na kurudi, nauli juu ya nauli, na mpunga shambani unaliwa na ndege. Pigeni hesabu wenyewe.

Na kama huna chakula cha kumlisha mbwa mkubwa, wala muda wake, usimchukue. Si aibu. Mtafutie anayeweza. Ila ukishamwingiza nyumbani usiniambie "si wangu, ni koko tu." Siku akimng'ata mtoto wa jirani, watakuja kugonga kwako.

Wangu yuko hapa miguuni anatafuna ndala yangu ya pili wiki hii. Kachanjwa, kadi ipo kabatini. Wewe mwenye mbwa uani, kadi yake iko wapi?

Mtumie na mama mwenzio. Sehemu ya 4 nitajibu maswali ya viroboto na kupe, maana meseji zimejaa.