Kioo Juu ya Udongo



Wazee wetu wa Pwani walifinyanga vyungu na vyetezo bila kuvipaka kioo. Mabakuli yang'aayo yaliletwa na majahazi kutoka Uajemi na Uchina, na mengine yakapachikwa makaburini, kama kule Kunduchi. Sasa baadhi ya kina mama wetu hapa Dubai wanajipakia wenyewe. Twawapongeza, kwani kazi hizo zapendeza kweli.

Lakini baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi. Ndimu, ukwaju na achari huyatoa yakaingia chakulani, nayo hudhuru akili za watoto. Tena tanuri la jikoni halifiki nyuzi 1,000, kadiri ihitajikayo kwa kawaida kuyeyusha kioo. Basi pambeni chetezo na vyombo vya maua; bakuli la mchuzi liacheni.