Mlango wa Mahakama Usifungwe

Matokeo ya ubunge wa Kilosa au Mikumi yaweza kupingwa Mahakama Kuu. Ya urais hayawezi: Tume ikishayatangaza, Ibara ya 41(7) ya Katiba yakataza mahakama yoyote kuyachunguza. Mpiga kura ni yuleyule, kituo ni kilekile. Kwa nini kura moja iwe na hakimu, nyingine isiwe naye?

Mahakama zilifuta uchaguzi wa rais Kenya mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020. Nchi zote mbili zilirudia kura. Mwaka huohuo wa 2020, Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ibara yetu yavunja haki za binadamu.

Twaambiwa tutunze amani. Amani pasipo haki haidumu. Tulijadili jambo hili katika jumuiya zetu ndogondogo, tukadai ibara hiyo ifutwe.