Mbwa Apewa Kombe, Mwenyewe Aitwa Mshenzi

Ndugu wasomaji wa Kindu, wa Lokandu, wa Kalima na wa migodi yote ya Maniema! Leo twataka kusema habari za mbwa. Msicheke kwanza. Someni hadi mwisho, kisha mcheke kama bado mna hamu ya kucheka.

Mbwa huyu mwamjua. Ni yule mdogo wa msituni, mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na makunyanzi katika paji la uso kama mzee anayehesabu deni. Habweki kama mbwa wa Wazungu. Akifurahi hutoa sauti kama ya kuimba. Kwa kuwa ni mkimya, wawindaji humfunga kengele ya mti, wapate kujua alipo anapomsukuma mnyama kuelekea wavuni. Kwa mwindaji yeye ni mwenzake wa kazi.

Sasa sikilizeni alivyofika Ulaya. Mwaka 1895 mbwa wa namna hii kutoka Kongo walionyeshwa Crufts, mashindano makubwa ya mbwa ya Uingereza. Hawakuishi sana, ugonjwa uliwamaliza. Mwaka 1937 bibi mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha wengine hapo hapo, na watu wakajazana kuwatazama. Mwaka 1943 Wamarekani walimwandika katika kitabu chao cha mbwa wa asili safi. Na mwaka 2001 mbwa wa kabila hili aliwashinda mbwa wote waliokuja Crufts, akachukua kombe kubwa. Haya ni mambo ya heshima. Mtu wa Kongo angeweza kusema: mbwa wetu ameshinda!

Lakini jina lake ni nani? Wamemwita BASENJI.

Ndugu, neno hili halihitaji kufasiriwa kwetu. Basenji ni washenzi. Ni neno ambalo Bula Matari na makarani wake walimtupia mtu wa kijijini aliyekuja mjini na tope miguuni. Mbwa huyu alikuwa "mbwa wa basenji", yaani mbwa wa wale watu wa porini. Maneno "mbwa wa" yalianguka njiani, tusi likabaki peke yake, likavuka bahari, likaandikwa juu ya vikombe. Leo bibi wa Chicago amvalisha mbwa wake mkufu na kumwita kwa tusi la babu zetu, na wala hajui. Yeye hatumlaumu. Twawauliza wanaojua.

Si jina tu. Katika Ubelgiji, mjini Thuin, kuna shirikisho la vyama vya mbwa vya nchi nyingi, liitwalo FCI. Katika karatasi zake mbwa huyu ana namba 43. Imeandikwa hivi: asili yake ni Afrika ya Kati, mlezi wake ni Uingereza. Someni tena! Sisi ni asili, wao ni mlezi. Aliyezaa si mlezi. Mlezi ndiye aliyeandika kwamba dume awe na sentimita 43 begani na jike 40, na mlezi ndiye anayemweka mwamuzi katika kiti. Watu wa migodi mwaelewa mambo haya bila mwalimu. Bati hutoka katika ardhi ya Maniema, lakini bei yake husemwa London, katika soko la metali. Jiwe ni letu, mizani ni ya mwingine.

Lakini damu ina mambo yake. Kwa kuwa mbwa waliochukuliwa mwanzo walikuwa wachache, wakazaa wao kwa wao, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi uliwaandama vizazi hata vizazi. Ikawa nini? Mwaka 1987 na mwaka 1988 Wamarekani walirudi katika misitu ya kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kutafuta mbwa wapya. Mwaka 1990 kile kitabu cha asili safi kilifunguliwa ili mbwa wa kijijini wapate kuingia. Nani alikuwa ameitunza damu yenye afya? Ni mwindaji yule yule asiye na kitabu, asiye na kikombe, anayeitwa mshenzi.

Wako watakaosema: "Jina la mbwa latuhusu nini? Tuna vita, tuna barabara mbovu, Goma ilichukuliwa Januari 2025, nanyi mwaleta habari za mbwa!" Twawajibu: jambo ni moja. Mtu akishakubali kuitwa mshenzi katika nchi yake, amekubali pia kwamba mwingine awe mwamuzi wake. Na anayekuhukumu ndiye atakayegawa mali yako.

Tukumbuke. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilileta ile kadi ya ustahili wa kiraia, na mwaka 1952 ikaleta sheria ya kumwandika Mkongo "aliyestaarabika". Mwenye kuomba aliulizwa maswali, na wakaguzi walifika hata nyumbani kwake kuona anavyoishi na mkewe na watoto wake. Patrice Lumumba, ambaye ujana wake alifanya kazi katika kampuni ya Symétain hapa kwetu Maniema, alipita mtihani huo pia, akaandikwa mwaka 1954. Twauliza: tofauti gani na uwanja wa Crufts? Mbwa atazamwa mkia, mtu atazamwa meza. Anayefaulu apewa karatasi, asiyefaulu abaki basenji.

Na katika mwaka ule ule wa 1948 serikali ile ile iliupiga marufuku Bwami wa Walega. Ndugu zetu wa Pangi na Kalima wajua kilichopigwa marufuku. Bwami ulikuwa shule ya hekima na tena mchezo wa kuigiza: ngoma, nyimbo, vinyago vidogo vya pembe na vya mti, na mithali moja moja ikichezwa mbele ya watu mpaka maana yake iwaingie. Walioufunga mchezo wakavihifadhi vinyago vyake. Vingine viko Tervuren, ndani ya vioo, na vyasifiwa sana. Ni habari ya mbwa tena: kitu chapewa heshima, mwenyewe apewa tusi.

Bwami wasemao ni hekima, mjini twaupata wapi? Twaenda kutazama michezo ya kuigiza, na kwenda ni kuzuri. Lakini angalieni ni nani anayeletwa jukwaani ili achekwe. Mara nyingi ni mtu wa kijijini: ameshika viatu mkononi, aogopa motokari, Kifaransa chamshinda. Ukumbi wote wapasuka kwa kicheko. Na anayecheka, baba yake alitoka kijiji gani? Bula Matari ameondoka tangu mwaka 1960, lakini neno lake lakaa kiti cha mbele na tiketi amelipiwa.

Si lazima iwe hivyo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo watu wa migodi ya Katanga walilijua vizuri, lilicheza kwa Kiswahili cha mji wao bila maandiko mkononi. Mwaka 1986 lilichukua mithali ya wazee juu ya mamlaka kwamba huliwa yote nzima, likaifanyia mchezo wa kijiji na chifu wake, wakati wa Mobutu! Pale kijiji hakikuletwa ili kichekwe. Kililetwa ili watu wa mji wafikiri juu ya wanaowatawala. Huo ndio mchezo wenye faida.

Basi twasema mambo matatu.

Kwanza, neno mshenzi life katika vinywa vyetu. Lisitamkwe sokoni Kindu kwa mtu aliyeshuka mtumbwini akitoka Lokandu na samaki wake. Lisitamkwe mgodini kwa mchimbaji mgeni.

Pili, wenye makundi ya michezo waende vijijini, wakae na wazee, warudi na mithali. Nasi watazamaji tulipe kiingilio kwa mchezo wa namna hiyo, na tunyamaze pale anapochekwa mama aliyetulisha.

Tatu, wenye mbwa wa msituni wawatunze. Msiwaache wafe kwa kichaa na njaa, mkimtamani mbwa mnene wa kigeni kwa sababu ana karatasi. Wafanyeni siku ya maonyesho hapa hapa, kando ya Lualaba, na waamuzi wawe wawindaji. Mbwa asihukumiwe kwa mkia wake. Ahukumiwe kwa kazi yake. Na siku hiyo apewe jina ambalo bwana wake anaweza kulitamka mbele ya watoto bila haya.

Mbwa wa Kongo habweki, lakini sisi si mbwa. Tuseme!