Kosa Lililosemwa na Kosa Lililofichwa

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Msiba kama huo ukitokea, swali la kwanza mabarazani, kuanzia Makunduchi mpaka Bukoba, huwa ni moja: Nani mwenye kosa? Swali hilo ni la haki. Lakini sisi twaona kuwa liko swali jingine linalopasa kulitangulia: Ni nani aliyeiona hatari kabla ya msiba, na kwa nini hakusema?

Kwa miaka mingi wakuu wa safari za anga duniani wamefuata kanuni ambayo huwashangaza wengi wetu. Kanuni hiyo, iliyopitishwa mwaka 1951 chini ya Mapatano ya Chicago, yasema kwamba ajali ya ndege huchunguzwa ili nyingine kama hiyo isitokee, wala si ili kumtafuta wa kulaumiwa. Wapo waonao kuwa huku ni kuwalinda wakubwa. Husema: dereva wa gari la shamba akigonga mtu hupelekwa mahakamani, basi kwa nini rubani aachwe? Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tuangalie kwanza kanuni kama hiyo ina faida gani.

Mwezi wa Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima karibu na Washington, nchini Marekani, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ukadhihirisha jambo la kusikitisha. Wiki sita kabla, ndege ya shirika jingine ilikuwa imeponea chupuchupu mahali pale pale, kwa sababu ile ile ya kutofahamika vyema kwa maagizo ya kushukia. Marubani wale walisema, na shirika lao likawaonya wenzao. Lakini onyo halikuvuka ukuta wa shirika lile. Kama lingaliwafikia wote, huenda watu wale 92 wangalifika makwao.

Ndipo mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha utaratibu wa rubani kuandika kosa lake kwa siri. Nao hawakuikabidhi kazi hiyo idara yenye mamlaka ya kuadhibu, bali NASA, isiyo na fimbo mkononi. Mwenye kuleta habari zake ndani ya siku 10 hupata nafuu ya adhabu. Ila nafuu hiyo haimfai aliyevunja sheria kwa makusudi, wala aliyetenda jinai. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Msamaha huo haukuwa wa kila mtu na kila tendo. Ulikuwa na mpaka tangu siku ya kwanza.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna somo letu. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala, Kamerun, bila ya ruhusa ya mnara, ikaanguka baada ya muda mfupi na kuua watu wote 114. Ripoti iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walipoteza mwelekeo gizani, na kwamba hapakuwa na ushirikiano mwema baina yao: mkuu alikuwa mtu wa kutawala, na msaidizi wake mtu wa kunyamaza. Katika mila zetu kumheshimu mkubwa ni adabu. Lakini adabu inayomfunga kijana kinywa wakati chombo kinapinduka si adabu tena, ni msiba.

Watu wa Makunduchi hawahitaji mgeni kuja kuwafunza jambo hili. Kila mwaka mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hukutana uwanjani wakapigana kwa magomba. Mwenye kinyongo hukitoa hadharani. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Kisha watu hula pamoja, na kesho yake hapana adaiye kisasi. Wazee walijua kuwa kinyongo kilichofichwa huua mji. Lakini walijua pia mpaka. Atakayekuja uwanjani na panga badala ya gomba hawezi kusema kuwa alikuwa akikoga mwaka. Huyo ni mhalifu, na sherehe haimkingi.

Vivyo hivyo katika vyombo vya safari. Rubani aliyesoma vibaya kipimo kwa uchovu, kisha akaja kusema, amekuja na gomba. Asikilizwe, afunzwe, na kazi yake isitiwe hatarini kwa sababu ya ukweli wake. Lakini ajuaye kuwa chombo ni kibovu au kimejaa kupita kiasi, akakiondosha kwa tamaa ya fedha, huyo amekuja na panga. Waunguja na Wapemba hawajasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kuchukua watu wapatao 600. Ikachukua wengi zaidi kuliko hao, na mamia wakaangamia. Kuuita msiba ule bahati mbaya ni kuwadhulumu waliokufa.

Basi rai yetu ni hii. Kwanza, rubani, fundi na mwongozaji wa ndege wawe na mahali pa kusema makosa yao pasipokuwa mikononi mwa bwana wao wa kazi. Pili, maneno ya mtu aliyesema kwa hiari yasigeuzwe kuwa kamba ya kumfungia. Tatu, adhabu iliyo kali iwekwe kwa mwenye kuficha, na kwa mwenye kumlazimisha mwenziwe kuficha. Nne, hesabu ianzie juu. Tajiri anayemrusha rubani aliyechoka asijifiche nyuma ya maiti ya rubani huyo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika ndege, kilio hicho hakimuumbui mficha maradhi peke yake. Huwaliza mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali, na mwanafunzi aliyekuwa akirejea kwao Pemba, ambao hawakuficha lolote. Kwa ajili yao twasema: msemakweli alindwe, na mwenye panga ahukumiwe.